Tairi la mbele limelika ukingo wa ndani pekee: niligeuze, nibadilishe yote manne, au nikague nini kwanza?

Mkazi wa Kasarani

Salamu kwenu nyote. Naomba ushauri wa watu wanaoyafahamu matairi, kwa sababu nimepewa majibu mawili yanayopingana, na sitaki kutumia pesa wala kuhatarisha maisha kwa kubahatisha.

Gari letu ni dogo, la mtumba kutoka Japani, injini yake inavuta magurudumu ya mbele na matairi yake ni ya kipimo cha 175/65R14. Siku za kazi mimi huliendesha kupitia Outer Ring Road hadi Industrial Area, na mara moja moja tunakwenda Murang'a kuwaona wazazi. Lilipokuwa likioshwa juzi ilionekana kwamba tairi la mbele la kushoto limelika ukingo wa ndani hadi mifereji imetoweka kabisa, ilhali ukingo wa nje, ambao ndio ninaouona kila asubuhi, bado una meno marefu yasiyo na kasoro. Fundi wa pancha wa mtaani kwetu anasema tairi hilo livuliwe kwenye rimu na kugeuzwa ili upande uliolika uwe nje, kisha niendelee kulitumia. Duka moja la matairi mjini, kwa upande wake, limenishauri nibadilishe yote manne mara moja, na halikuyatazama hata kidogo yale mengine matatu.

Tatizo ni kwamba likizo ya shule inakaribia na tumepanga kwenda Mombasa na watoto, gari likiwa limejaa watu na mizigo. Ningependa kujua jinsi ya kukagua matairi yote mimi mwenyewe, pamoja na lile la akiba, ili nikienda dukani niwe najua ninachokitaka. Je, kuna kina fulani cha meno ambacho nikikifikia sina budi kubadilisha? Je, nyufa nyembamba zinazoonekana karibu na rimu ni jambo la kuogopesha? Na kwa nini tairi lilike upande mmoja tu?

Fundi wa magurudumu, Ngara

Dada, umefanya vyema kuuliza kabla ya safari. Ushauri wa kuligeuza tairi hilo usiufuate. Pale mifereji ilipokwisha kabisa pamebaki mpira mwembamba tu unaofunika mikanda ya waya za chuma, na mpira huo ukiisha waya hujitokeza, maji yakaingia, waya zikashika kutu, na tairi likaweza kupasuka gari likiwa kasi. Kulihamishia nje eneo hilo hakuliongezei unene wowote. Isitoshe, kilichosababisha tairi kulika ndani bado kimo kwenye gari, kwa hiyo tairi lolote utakalolifunga mahali hapo, hata liwe jipya na la bei ghali, litalika vivyo hivyo.

Sasa ukaguzi wenyewe. Ufanye asubuhi kabla gari halijatembea, mahali palipo tambarare na penye mwanga wa kutosha, breki ya mkono ikiwa imevutwa. Kwa matairi ya mbele, zungusha usukani hadi mwisho wake upande mmoja. Uso wa tairi utajitokeza, nawe utaweza kuutazama wote kutoka ukingo hadi ukingo, kisha uzungushe upande wa pili. Kwa yale ya nyuma hakuna njia ya mkato: chuchumaa nyuma ya gari na kumulika kwa tochi ya simu, kwa kuwa ukingo wa ndani ndio unaojificha na ndio wenye tabia ya kulika bila mwenyewe kujua. Ukimaliza, sogeza gari mbele kiasi cha nusu mzunguko wa gurudumu na urudie, maana sehemu iliyokuwa imekanyaga ardhi hukuiona. Usijiingize chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake hata kwa dakika moja.

Kuhusu kina cha meno, watengenezaji wenyewe wamekuwekea kipimo. Ndani ya mifereji mikuu kuna vinundu vidogo vya mpira vilivyolala kukatiza mfereji, na mahali vilipo huonyeshwa ubavuni kwa herufi TWI au kwa pembetatu ndogo. Vinundu hivyo vina kimo cha milimita 1.6. Uso wa tairi ukiwa sawasawa navyo, tairi limekwisha, hata kama kwa mbali linaonekana zuri. Milimita 1.6 ndicho kiwango cha chini kinachoruhusiwa kisheria Uingereza na katika Umoja wa Ulaya kwa magari madogo, na tairi jipya la gari kama lako huanza na takriban milimita 8. Mimi binafsi humshauri mteja asingoje kuifikia 1.6. Akiwa kwenye milimita 3, na hasa mvua za masika zikikaribia, aanze kutafuta mengine, kwa sababu kazi ya mifereji ni kuyaondoa maji chini ya tairi, na uwezo huo hupungua kabla meno hayajaisha. Kama huna kipimo cha fundi, chukua sarafu, isimamishe ndani ya mfereji hadi iguse chini, weka alama kwa ukucha pale uso wa tairi ulipofikia, kisha pima kwa rula ya mtoto wa shule. Pima mahali patatu kwa upana, yaani ndani, katikati na nje, halafu urudie hatua kadhaa kuzunguka tairi. Kipimo kimoja cha katikati kingekudanganya kabisa katika hali yako.

Tofauti kati ya vipimo hivyo ndiyo inayoeleza ugonjwa. Kingo zote mbili zikilika na katikati pakabaki, gari limekuwa likitembea na upepo pungufu. Katikati pakilika kuliko kingo, limekuwa likijazwa kupita kiasi. Ukingo mmoja tu ukilika, kama huo wako, magurudumu hayakuelekezwa sawasawa: ama yameinama kupita kiasi, ama hayaendi sambamba, na mara nyingi chanzo ni mashimo ya barabarani, matuta yaliyorukwa kwa kasi, au bushi (mipira inayoshika viungo vya magurudumu) na ncha za usukani zilizolegea. Yakitokea mabonde mabonde kuzunguka tairi, mshuku shoki (vifyonza mtikisiko) zilizochoka au gurudumu lisilo na balansi. Na kukiwa na bapa moja tu mahali pamoja, hiyo ni alama ya breki iliyobana gurudumu likaburuzwa.

Kuna jaribio moja ambalo mkono hulifanya vizuri kuliko jicho. Futa uso wa tairi, vaa glavu ya ngozi au kunja kitambaa kizito kwa kuwa huenda kuna waya au msumari, kisha pitisha kiganja kutoka ukingo wa nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kuja nje. Meno yakiwa laini upande mmoja na yakikwaruza upande wa pili kama msumeno, magurudumu hayaendi sambamba na tairi limekuwa likiburuzwa kidogo kidogo kila kilomita. Dalili hii huanza kuhisika kabla jicho halijaona lolote, na ukiiwahi utaliokoa tairi.

Ubavu wa tairi ndio sehemu ninayoihofia kuliko zote. Utazame wa nje na wa ndani, uupapase taratibu. Uvimbe wowote ubavuni, hata mdogo kama nusu ya limau, maana yake nyuzi za ndani zimekatika na upepo unazuiwa na mpira peke yake. Kwa kawaida hutokea baada ya kugonga shimo au ukingo wa barabara. Uvimbe hauzibwi, haushonwi, hauwekewi kiraka. Tairi hilo liondolewe siku hiyo hiyo bila kujali meno yake. Mkato unaoonyesha nyuzi una hukumu hiyo hiyo. Kuhusu nyufa, zile nyembamba kama unywele zilizo juu juu ni za jua na umri, nazo zinahitaji kuangaliwa mara kwa mara, lakini ufa unaoingiza ncha ya ukucha, au unaofunguka ukiukandamiza mpira kwa kidole gumba, ni wa tairi la kutupwa.

Nyufa zinahusiana na umri, na umri umeandikwa. Tafuta ubavuni mahali palipoandikwa DOT; mwishoni mwa mfululizo huo kuna tarakimu nne ndani ya kisanduku chenye umbo la yai. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usishangae ukizikosa upande wa nje, kwani mfululizo kamili huweza kuandikwa upande mmoja tu, na mara nyingi ndio uliogeukia ndani. Baadhi ya watengenezaji wakubwa wanashauri tairi likishatimiza miaka mitano ya matumizi likaguliwe na fundi kila mwaka, na likitimiza miaka kumi tangu litengenezwe liondolewe hata kama meno yake ni mazuri, likiwemo lile la akiba. Kwa magari yetu ya mtumba jambo hili lina uzito, kwa sababu gari linaweza kuingia nchini likiwa karibu na kikomo cha miaka minane kinachoruhusiwa, na matairi yake huenda yana umri huo huo.

Fanya ukaguzi huo, kisha uandike hapa ulichokiona kwenye kila tairi. Hapo ndipo tutajua kama ni moja, mawili au manne.

Dereva wa masafa, Kitengela

Fundi amesema yote kuhusu kulika. Mimi naomba nieleze habari ya upepo, kwa kuwa ndiyo inayowasumbua wengi katika barabara ya Mombasa, na ni jambo ambalo halihitaji fundi.

Kwanza, namba ya kufuata haipo kwenye tairi. Ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu ambacho tairi linaweza kuhimili, ilhali kiwango cha gari lako kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huandikwa kwa kilopaskali: 220 ni sawa na takriban 32 za kipimo cha psi ambacho wahudumu wa vituo vya petroli hapa Nairobi wamekizoea, na 240 ni kama 35. Karatasi nyingine hutoa namba mbili, moja ya gari tupu na moja ya gari lililojaa, na safari yenu itahitaji ile ya pili. Usimwachie mhudumu aamue, kwani wengi hujaza kila gari kiasi kimoja, liwe pikapu au gari dogo.

Pili, pima tairi likiwa baridi. Tairi likipashwa moto na mwendo na jua upepo wake hupanda, na hilo limezingatiwa na watengenezaji. Nimewaona madereva wakisimama Mtito Andei saa saba mchana, wakakuta kipimo kimepanda, wakapunguza upepo kwa nia njema. Tairi likipoa linakuwa limepungukiwa, na tairi lililopungukiwa hujikunja kupita kiasi kila linapozunguka, likazidi kupata moto kutoka ndani. Pasuko nyingi za barabarani huanzia hapo.

Tatu, kuna suala la mwinuko ambalo wachache hulizungumzia. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Mombasa iko ufuoni. Hewa inayotuzunguka ni nzito zaidi pwani, na kwa kuwa kipimo chako huonyesha tofauti kati ya upepo wa ndani ya tairi na hewa ya nje, tairi lile lile lisilovuja litasoma pungufu kwa kama psi mbili na nusu ukifika chini, kama joto lingekuwa sawa. Joto la pwani hurudisha sehemu ya upungufu huo, kwa hiyo tofauti unayoiona kwa kawaida ni ndogo. Asubuhi ya kwanza mkiwa Mombasa pima tena, ongeza kama imehitajika, na mkisharudi Nairobi pima upya, maana kipimo kitakuwa kimepanda.

Usisahau kofia za valvu, na pia kuikunja valvu yenyewe kidogo kwa kidole uone kama mpira wa shina lake una ufa. Ni kitu kidogo mno, lakini valvu iliyochoka huvujisha upepo polepole kwa wiki nzima, na mwenye gari anaendelea kutafuta pancha isiyokuwepo.

Ukiamua kununua matairi mawili tu, yafunge mbele, kwa kuwa huko ndiko injini inakovuta na ndiko usukani ulipo.

Mwalimu wa udereva, Buruburu

Nakubaliana na ndugu yangu wa Kitengela katika mengi, hasa maelezo yake ya mwinuko, ila kwa hilo la mwisho napingana naye kabisa, na naomba dada asilipuuze kwa sababu linahusu mvua.

Ni kweli kwamba katika gari la aina hiyo matairi ya mbele huchoka mapema, kwani yanavuta, yanageuka na yanabeba sehemu kubwa ya breki. Lakini swali ni nini kitatokea barabara ikiwa imelowa na tairi likapoteza mshiko. Yakiteleza ya mbele, gari linakataa kugeuka na kuelekea mbele moja kwa moja. Dereva anahisi usukani umekuwa mwepesi, anapunguza mafuta kwa silika, na mara nyingi mshiko unarudi. Yakiteleza ya nyuma, mkia wa gari unazunguka, na dereva wa kawaida hana muda wala mazoezi ya kuurudisha. Fikiria kona za Waiyaki Way mkiteremka kutoka Limuru mvua inanyesha. Kwa hiyo matairi yenye meno marefu yafungwe nyuma, na yale ya nyuma yaliyo mazima yahamishiwe mbele, hata kama gari linavutwa mbele. Watengenezaji wa matairi wenyewe ndivyo wanavyoelekeza.

Matairi mawili ya mhimili mmoja lazima yawe ya kipimo kimoja na aina moja, na kiwango cha meno kisitofautiane sana.

Mama wa Umoja

Naomba kuongeza neno kuhusu kununua, kwa kuwa bei ya matairi mapya inawasukuma wengi kwenye yale yaliyotumika, na huko nimeona mambo yanayonitia uchungu.

Kando ya barabara zetu huuzwa matairi yaliyochongwa. Fundi huchukua tairi lililokwisha, akalichimbia mifereji mipya kwa kisu chenye moto, akalipaka rangi nyeusi inayong'aa, na mnunuzi akaona meno marefu. Mpira uliochimbwa ni ule ule mwembamba aliouzungumzia fundi wa Ngara, uliokuwa ukilinda waya. Yapo matairi ya malori yaliyotengenezwa kwa unene wa ziada ili yachongwe, nayo huandikwa ubavuni REGROOVABLE. Tairi la gari dogo halikuundwa kwa kazi hiyo.

Yatambue hivi. Tafuta alama ya TWI ubavuni, kisha fuata mstari wake hadi ndani ya mfereji: kama kinundu hakipo au kimekatwa katikati, kisu kimepita hapo. Tazama kuta za mifereji, kwa sababu mifereji ya kiwandani ina kuta laini na kina kilicho sawa, ilhali ya kisu huyumba, na chini yake mara nyingine utaona nyuzi au rangi ya waya. Sugua kwa kitambaa kilicholowa uone kama weusi unatoka. Kisha omba kutazama ndani ya tairi kabla halijavishwa kwenye rimu, kwa kuwa viraka, michirizi na unga wa mpira uliosagika kwa kutembezwa bila upepo huonekana upande wa ndani tu. Muuzaji akikataa kukuonyesha ndani, ondoka.

Jambo jingine ni matairi ya theluji. Baadhi ya magari yanayotoka Japani huja yakiwa bado na matairi ya majira ya baridi, na mengine huuzwa hapa kama matairi ya kawaida. Meno yake yana mikato mingi membamba ya mawimbi, na ubavuni kuna mchoro wa mlima wenye kipande cha theluji ndani yake au neno STUDLESS. Mpira wake ni laini kwa makusudi ili ushike barafu. Kwenye lami yenye joto hulika upesi na breki huwa hafifu zaidi.

Na kwa wanaoziba pancha: tundu lililo katikati ya uso wa tairi, lisilozidi milimita 6, linaweza kuzibwa vizuri kwa kuvua tairi na kuweka kiraka chenye shina kutoka ndani. Ile kamba ya mpira inayosukumwa kutoka nje bila kuvua tairi ni ya kukufikisha nyumbani. Tundu la ubavuni au la begani, yaani pale uso wa tairi unapokutana na ubavu, halizibwi.

Mkazi wa Kasarani

Nawashukuru wote kwa dhati. Nimekagua jana asubuhi nikisaidiwa na mume wangu, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Mbele kushoto: nje milimita 5, katikati 4, ndani hakuna mfereji, na kwenye sehemu ya upana wa kidole kuna kitu kama uzi unaojitokeza. Mbele kulia: nje 5, katikati 4 na nusu, ndani 2, na kiganja kinakwaruzwa nikikivuta kuja nje, kama fundi alivyoeleza. Nyuma kushoto ni 5 mahali pote. Nyuma kulia pia ni 5, lakini ubavuni kwa ndani tumepapasa uvimbe mdogo ambao hakuna mtu angeuona akiwa amesimama. Yale mawili ya nyuma yana tarakimu 1416, na nyufa zake zinafunguka nikikandamiza. Ya mbele ni 2220, nyufa hazipo. Hakuna hata moja lenye mchoro wa theluji.

Tairi la akiba ni lile jembamba, na halikuwa na upepo wowote wa maana. Upepo wa manne mengine ulikuwa kati ya psi 24 na 27, na karatasi ya mlangoni inasema kilopaskali 230, ambazo ni kama psi 33.

Sasa nimeelewa kwamba hali ni mbaya kuliko nilivyodhani, lakini bado nauliza: je, naweza kuliacha lile la mbele kulia?

Fundi wa magurudumu, Ngara

Dada, ukaguzi huo ni safi kuliko ule unaofanywa na gereji nyingi. Uzi uliouona ni waya wa mkanda, kwa hiyo tairi la mbele kushoto lisitembee tena isipokuwa kwenda kwa fundi, taratibu, na ikiwezekana fundi aje nyumbani. La nyuma kulia lina uvimbe, nalo linaondoka hivyo hivyo. La nyuma kushoto lina meno mazuri lakini ni la wiki ya 14 ya mwaka 2016 na nyufa zake zinafunguka. Kwa safari ya takriban kilomita 480 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, kwenye joto la Tsavo na gari likiwa limejaa, singekuruhusu. Linabaki la mbele kulia, ambalo lina milimita 2 ndani na limeshaanza kuwa msumeno. Lingeweza kutumika mjini kwa muda, lakini halina mwenzake wa kukaa naye kwenye mhimili mmoja. Duka lilikupa jibu la manne bila kutazama, na sasa umefika pale pale kwa kutazama. Tofauti ni kwamba umegundua pia magurudumu hayajaelekezwa sawasawa na kwamba yamekuwa yakinyimwa upepo, mambo ambayo yangeyamaliza manne mapya kabla ya wakati wake.

Hoja ya mwalimu wa Buruburu ni sahihi, nami ndiyo ninayowaeleza wateja wangu. Kwa wewe unayenunua manne swali hilo halipo kwa sasa, ila litakuja baadaye, kwa hiyo uyabadilishane ya mbele na ya nyuma kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000 ili yalike kwa usawa.

Utaratibu uwe huu: kwanza fundi akague bushi, ncha za usukani na shoki na kubadilisha kilicholegea, kwa sababu alaimenti, yaani kazi ya kuelekeza magurudumu sawasawa, iliyofanywa juu ya bushi zilizokufa haidumu hata wiki. Kisha matairi mapya yafungwe pamoja na valvu mpya na kufanyiwa balansi, halafu ndipo alaimenti ifuate. Dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Unaponunua, soma tarakimu za mwaka kwenye kila tairi, si kwenye moja tu, na hakikisha kipimo cha mzigo hakishuki chini ya kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa kipimo chako kwa kawaida ni 82, yaani kilo 475 kwa tairi.

Hilo la akiba jembamba hujazwa upepo mwingi kuliko mengine, kwa kawaida kilopaskali 420, ambazo ni kama 60 kwa kipimo cha psi. Thibitisha kwa maandishi ya ubavuni mwake, na usome tarakimu za umri wake pia. Mwendo wake hauzidi kilomita 80 kwa saa, na kazi yake ni kukufikisha kwa fundi wa karibu. Lijazeni, kisha mweke kwenye buti jeki inayofanya kazi na spana inayoingia kwenye nati zenu, mkiwa mmekwisha kuijaribu nyumbani. Nati zikazwe kwa kuruka upande hadi upande, si kwa kuzunguka, na baada ya kilomita kama 50 hadi 100 tangu matairi mapya yafungwe, zikazwe tena. Kwa hiyo msiyafunge usiku wa kuamkia safari. Yafungeni wiki moja kabla, uende nayo kazini, na uyapime upepo asubuhi mbili tatu uone kama kuna linalopungua.